Hakuna Kengele Kaburini

“Zamani kule Uingereza watu walikuwa wakizikwa wangali hai. Ndiyo maana maiti alifungwa kamba kidoleni, na ile kamba ikafungwa kwenye kengele juu ya kaburi. Akiamka, anaivuta. Huo ndio mwanzo wa msemo ‘saved by the bell’, kuokolewa na kengele.”

Maneno hayo yalisemwa na Wanjohi, mume wa binamu yangu Njeri, Jumatatu jioni, mbele ya waombolezaji waliojaa uani kwa shangazi yangu kule Mutuini.

Si kweli.

Leo ni Jumatano, katikati ya Julai. Jua halijajitokeza tangu asubuhi, na yale manyunyu ya Nairobi yasiyolowesha wala kukoma yanashuka juu ya mabati ya jengo la jirani. Nimevaa sweta mbili ofisini. Nina hasira, na safari hii hasira yenyewe haina raha. Mnaosoma blogu hii mnajua kwamba kwa kawaida mimi hufurahia ugomvi kama wengine wanavyofurahia chai. Leo ningefurahi zaidi kama nisingekuwa na sababu ya kugombana.

Nianze na hiyo kengele, nimalizane nayo.

Msemo huo umetoka kwenye ndondi. Bondia ameangushwa, refa anamhesabia, mashabiki wake wameshika vichwa, mara kengele inalia, raundi imekwisha, naye anaponea hapo. Hakuna jeneza wala kamba. “Dead ringer”, wanavyomwita mtu aliyefanana na mwingine kama pacha, msemo ambao Wanjohi anausukuma ndani ya kaburi lilo hilo, ulitoka kwa walaghai wa mbio za farasi. Walikuwa wakimtoa farasi mmoja na kumwingiza mwingine anayefanana naye. “Graveyard shift”, zamu ya usiku wa manane, iliitwa hivyo kwa sababu saa hizo mahali pa kazi huwa kimya kama makaburini. Hakukuwa na mlinzi aliyeketi kwenye baridi akisikiliza kama wafu wanabisha.

Adui naye apewe haki yake. Ni kweli kwamba kule Ulaya walikuwako watu walioogopa mno kuzikwa wakiwa hai, na wako waliobuni majeneza yenye kengele. Watu wenye hofu hubuni mengi. Lakini sijasoma mahali popote, na nimesoma kwingi, kwamba kuna hata mmoja aliyetolewa kaburini kwa kuipiga. Na msemo haukutoka huko.

Kwa muda mrefu nilidhani huu ni ugonjwa usiodhuru mtu. Wanjohi ni meneja katika kampuni moja Hurlingham, na kila asubuhi, kabla hajafanya kazi anayolipwa kuifanya, hutuma barua pepe kwa jamaa na marafiki wote kuhusu asili ya misemo ya Kiingereza. Huwa haandiki mwenyewe. Anatumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu, naye anatupitishia, ile mishale ya pembeni, inayoongezeka kila barua inapopitishwa, ikiwa imerundikana mpaka maneno yanasukumwa ukingoni mwa skrini. Kwamba Waingereza husema mvua imenyesha paka na mbwa kwa kuwa wanyama hao walilala juu ya paa za nyasi, mvua ikinyesha wanateleza na kuwaangukia watu sebuleni. Mbwa! Juu ya paa! Nilimjibu nikamuuliza kama amewahi kumwona mbwa akipanda paa la nyasi kwa hiari yake, halafu mvua inapoanza akae pale juu badala ya kuingia ndani. Alinijibu kwa neno moja: “Profesa.” Akaweka na uso unaocheka.

Ukweli kuhusu paka na mbwa hao ni kwamba hakuna ajuaye kwa hakika walitoka wapi. Misemo mingi iko hivyo. Mtu alisema kitu, wengine wakakipenda, kikakaa. Lakini “hatujui” ni neno lisilopitishwa kwa barua pepe. Hakuna aliyewahi kunitumia ujumbe wenye kichwa kinachosema hatujui.

Basi nikawa ninafuta tu. Kila asubuhi ninafuta.

Hadi Jumamosi iliyopita, mume wa shangazi yangu alipoanguka mbele ya hori la ng’ombe, mkono ungali umeshika majani ya nepia. Sisi tulimwita Baba Njeri. Alikuwa mtu asiyewahi kulalamika kifua wala mgongo. Alifikishwa hospitali, daktari akasema moyo umesimama, mwili ukapelekwa mochari. Mazishi ni Ijumaa, shambani kwake, karibu na migomba.

Kama ilivyo desturi, kila jioni watu hukusanyika nyumbani kwa sala, na kila jioni mtu mmoja hupewa nafasi ya neno la faraja. Jumatatu ilikuwa zamu ya wakwe. Wanjohi alisimama. Alizungumza Kiingereza, ijapokuwa amezaliwa Mkikuyu na aliokuwa akiwafariji ni akina mama wa Kikuyu waliovaa vitambaa vya kanisa. Pembeni yake alisimama mzee wa kanisa akitafsiri sentensi baada ya sentensi, kama tunavyofanya kwa wahubiri wa kigeni.

Alianza vizuri. Alisema kifo si mwisho, iko siku parapanda italia. Angeishia hapo. Lakini mtu mwenye hadithi mfukoni ni kama mtu mwenye kikohozi. Akasema hata Waingereza walilijua jambo hilo, ndiyo maana wana msemo kuhusu kengele, na je, mnajua msemo huo ulitoka wapi?

Hawakujua. Akawaambia.

Na yule mkalimani, Mungu amsaidie, alinogewa. Wanjohi alisema Waingereza walipofukua makaburi walikuta alama za kucha kwenye mifuniko. Mzee wa kanisa akalitafsiri neno hilo kwa mikono. Aliinua vidole vyake kumi hewani, juu ya uso wake, akakwaruza. Akakwaruza tena. Watu wakasema “iii!” Kisha wakacheka kile kicheko cha watu walioshtuka, na Wanjohi akaketi akiwa ameridhika, kwa maana wasikilizaji wake walikuwa wameamka.

Tata hakucheka. Tata ndiye shangazi yangu, mjane. Alikuwa amekaa kwenye godoro sebuleni, mlango ukiwa wazi, na nilimwona akiangalia vidole vya yule mzee mpaka vikashuka.

Jana Njeri alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza akiwa amejifungia chooni.

“Wambui, kuja. Mum amekataa.”

“Amekataa nini?”

“Amekataa Baba azikwe.”

Nilifika Mutuini mchana, viatu vikiwa vizito kwa ule udongo mwekundu. Wanawake wenzake Tata walikuwa jikoni wakimenya viazi kwa kunong’ona. Tata alikuwa chumbani. Kitandani, juu ya shuka lililotandikwa vizuri, kulikuwa na kengele ya mkono, ile inayotumiwa kuwatoa watoto Sunday school. Alikuwa ametuma aletewe kutoka kanisani. Ulimi wa kengele alikuwa ameufunga kitambaa ili isilie bure.

Hakulia. Alinieleza mpango wake kwa utulivu, kwa Kikuyu, kama anayenieleza namna ya kupanda kabeji. Jeneza lisipigwe misumari. Kengele iwekwe mkononi mwa mume wake. Yeye Tata atakaa pale kwenye migomba na blanketi, na vijana waache majembe karibu. Kama hayo hayawezekani, basi Ijumaa wasizike.

“Alikuwa na joto, Wambui,” akasema. “Walipompakia kwenye gari nilimshika mguu. Ulikuwa na joto. Tukafika hospitali, wakamwingiza, wakafunga mlango. Mlango ulipofunguliwa nikaambiwa pole.”

Sasa sikilizeni nilichofanya, mimi niliyesoma. Nilimweleza habari za ndondi. Nilikuwa nimechapisha karatasi ofisini, nimezikunja vizuri kwenye mkoba. Nilimweleza kuhusu refa, raundi, na farasi wa walaghai. Nilimwambia kwamba yale ya kucha kwenye mifuniko ni maneno ya kutishia watoto. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mtu wa kuuza sabuni.

“Kwa hivyo hao Wazungu walikuwa wanapigana,” akasema.

“Ndiyo, Tata.”

“Na kengele ilikuwa ya kuwaachanisha.”

“Ndiyo.”

“Haya. Mimi nimekuuliza hayo?”

Nikazirudisha karatasi mkobani.

“Sikukuuliza kengele ilitoka wapi, mwanangu. Ninachotaka kujua ni nani aliyemwona. Ninyi nyote mnaniambia amekufa. Nani kati yenu alikuwa hapo?”

Nilitoka nikamkuta Njeri nyuma ya jikoni. Nikamuuliza swali lilo hilo. Alinitazama kama aliyekuwa akingoja mtu aulize.

“Wanjohi,” akasema. “Ndiye aliyeendesha gari. Mimi na Mum tulibaki kwa benchi. Yeye ndiye aliingia na daktari.”

“Na hajamwambia?”

“Atamwambiaje? Ni mkwe.”

Kwa msomaji asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Kati ya mkwe na mama mkwe wake kuna heshima nene kama ukuta. Mkwe hakai kitanda kimoja naye. Hali chakula huku akimkodolea macho. Haingii chumbani mwake, wala hazungumzi naye habari za mwili wa mtu, sembuse mwili wa mume wake. Ni desturi nzuri. Imeokoa ndoa nyingi kuliko ushauri nasaha. Lakini ona ilivyotumika wiki hii. Mtu huyu ameshindwa kumwambia mama mkwe wake jambo moja la kweli alilolishuhudia kwa macho, kwa sababu ya heshima. Kisha akasimama mbele yake, na mkalimani juu, akamweleza habari za maiti wanaokwaruza majeneza ya Uingereza. Hapo heshima ilikuwa imekwenda kunywa maji.

Leo kamati ya mazishi ilikutana mchana, kwenye mkahawa mmoja Hurlingham, kwa kuwa wanakamati wengi wanafanya kazi maeneo hayo. Nilikwenda. Nilisubiri wamalize mambo ya basi na maturubai, kisha nikaeleza hali ya Tata. Nikamwomba Wanjohi aende Mutuini leo jioni akamwambie hadithi yake haikuwa ya kweli.

Alikuwa akila chipsi. Aliziweka chini.

“Shemeji, si hiyo ilikuwa story tu? Watu walikuwa wanasinzia.”

“Mama mkwe wako hajasinzia tangu siku hiyo.”

“Lakini si ya uongo. Iko kwa internet.”

“Hata picha ya mtu mwenye kichwa cha samaki iko kwa internet.”

Watu wakacheka. Nilidhani nimeshinda, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kucheka kulimpa nafasi ya kuwa mkarimu. Akainua mikono.

“Sawa, Profesa. Nimekubali. Leo leo nitatuma correction kwa list yote.”

“Tata yuko kwa list?”

Mweka hazina akaanza kutafuta kalamu. Ndipo jamaa mmoja, mjomba wa mtu fulani, akaniambia kwa Kiingereza nisifanye mlima kutokana na kichuguu cha fuko, yaani nisikuze jambo dogo. Nikamuuliza kama anajua msemo huo ulitoka wapi. Akasema atamuuliza Wanjohi.

Mimi naandika Kiswahili hapa kila wiki, na wako wanaodhani ninakichukia Kiingereza. Ninakipenda. Nimekisoma tangu utotoni, nimelala nacho, kinanilipia nyumba Kileleshwa. Kinachonichosha ni kukiabudu. Ukitamka methali ya Kikuyu pale uani kwa Tata, kabla hujaifikisha mwisho kuna mzee atakayekukata: hivyo sivyo inavyosemwa, nani amekufundisha, ukoo gani? Wazee wetu hawakubali methali isiyo na wazazi. Hata Kiswahili chetu cha Nairobi, kilivyo na viraka, ukikosea watakucheka. Lakini mtu asimame aseme zamani kule Uingereza, na kila mtu anainamisha kichwa kama wakati wa sala. Hakuna aliyeuliza ilikuwa kijiji gani, au nani alizihesabu hizo kucha. Tungekuwa tumeambiwa na jirani kwamba watu wa Kikuyu huzikana wakiwa hai, tungemfukuza kwa mawe. Kwa kuwa ni Waingereza, tukasema kumbe!

Na mjane akatuma kengele iletwe.

Nilipokuwa nikitoka, Wanjohi alinifuata mpaka mlangoni. Magari yalikuwa yamejaa barabara ya Argwings Kodhek, honi zinalia, na kwa muda sikusikia anachosema. Kisha nikagundua kwamba anasema Kikuyu. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akikisema bila kukichovya kwenye Kiingereza.

Alisema daktari aliweka kipimo kifuani kwa mzee, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena kwa muda mrefu. Alimulika macho. Akaita daktari mwingine naye akafanya vilevile, bila haraka. Alisema yeye mwenyewe alibaki mle ndani baada ya madaktari kutoka, kwa kuwa hakujua atatokaje kwenda kwenye lile benchi. Alishika mkono wa mzee. Ulikuwa na joto, naye akakaa pale, akiushika, mpaka ukapoa.

“Nilikaa naye mpaka akapoa,” akasema. “Sijamwambia mtu. Hata Njeri.”

Nikamwambia hayo ndiyo maneno. Hayo hasa. Nenda uyaseme.

“Siwezi, Wambui. Yule ni mama mkwe.”

Kisha simu yake ikalia, akajibu kwa Kiingereza, akarudi ndani.

Nimerudi ofisini nimekaa hapa nikiangalia dirisha. Ningeweza kwenda kumweleza Tata mwenyewe. Nimelifikiria njia nzima kutoka Hurlingham. Lakini amekwisha kuniambia hataki maneno ya mtu ambaye hakuwapo, na yuko sahihi. Ameshiba habari za kusikia. Nikimpelekea za Wanjohi nitakuwa ninampitishia barua nyingine iliyopitishwa.

Kwa hivyo ninyi mlio kwenye orodha ya Wanjohi, mliocheka Jumatatu, na wawili wenu ambao jana asubuhi mlimwandikia kumpongeza kwa neno zuri: futeni hadithi ile ya kengele aliyowatumia. Ikiwa mmekwisha kuituma mbele, iandameni. Waandikieni mliowatumia, mmoja mmoja, muwaambie hamkuuliza. Na wewe mzee wa kanisa, huna kompyuta, lakini mwanao anasoma hapa na atakwambia: mikono ile uliyoinua, kaiombee radhi.

Na wewe, Wanjohi. Najua unasoma, maana huwa hukosi kunitumia makosa yangu ya chapa. Kesho ni Alhamisi. Uwe Mutuini mapema, kabla watu hawajafika kwa sala. Usimtume Njeri. Usije na mkalimani, wala mchungaji, wala mimi. Heshima yako unaweza kuishika: mwombe Tata atoke chumbani aje sebuleni, kaa kiti cha mbali, angalia sakafu kama mkwe anavyopaswa. Lakini umwambie. Mwambie ile ya kengele uliisoma mahali na hukuiuliza. Halafu mwambie madaktari walikuwa wawili. Mwambie ulibaki ndani, na mkono wake ulikuwa na joto kama mguu aliougusa yeye, na hukuuachilia mpaka ukapoa. Sema kwa Kikuyu. Sauti ikikatika, iache ikatike, usiijaze na msemo. Kisha unyamaze, ukae hapo hapo, umjibu kila atakachokuuliza.